Dawa ya Moto si Moto: Tunapoitwa "Mswahili" kwa Kejeli

Bismillaahir Rahmaanir Rahiim.



Shukrani zote anastahiki Allah (S.W.), na rehma na amani zimshukie Mtume wetu Muhammad (S.A.W.), jamaa zake na maswahaba wake wote. Ama baad.

Ndugu zetu katika imani, wazazi na wanafunzi wa Rumonge, Minago, Nyanza-Lac na pwani yote hii ya ziwa mpaka Bujumbura, kuna usemi unaozunguka barazani baada ya swala ya Ijumaa, na sasa umewafikia hata watoto ambao bado wako katika Juzuu ya Amma. Usemi wenyewe ni huu: mtu akikutukana dini yako au asili yako, mtukane zaidi yake, la sivyo atakuona mnyonge. Dawa ya moto ni moto. Kijana akisema hivyo tunaweza kumwambia kaa chini usome. Lakini akisema mzee mwenye mvi mbele ya wajukuu zake, na akasema kama vile anatoa fatwa, basi tuna wajibu wa kumjibu waziwazi, kwa heshima yake yote, kwamba maneno hayo si ya dini yetu na hayana faida hata kwa dunia yetu.

Tuanze na tusi lenyewe, kwa sababu hapa kwetu Burundi tusi lina jina. Neno "umuswahili" katika Kirundi linabeba maana mbili. Ya kwanza ni Mwislamu, au mtu wa mjini anayezungumza Kiswahili. Ya pili ni mjanja, mwongo, mtu wa kupunja. Mteja akiona bei hakubaliani nayo husema usiniletee uswahili. Mtu akichelewa kulipa deni husemwa ameshakuwa Mswahili, hata kama ni Mkatoliki wa kutoka milimani ambaye hajawahi kukanyaga msikiti. Wala si Burundi peke yake. Dar es Salaam, mji ambao Kiswahili ndiyo lugha ya kila nyumba, nako mtu akiahidi asitimize wanasema huo ni uswahili. Na asili ya neno ni Kiarabu, sawahil, yaani pwani, hakuna zaidi ya hapo. Watu wa pwani wametukanwa kwa jina la pwani yao!

Tusi hili lina historia, na si vizuri kujifanya hatuijui. Katika miaka ya 1880 na mwanzoni mwa miaka ya 1890 Muhammad bin Khalfan al-Barwani, aliyejulikana zaidi kwa jina la Rumaliza, akiwa na makao yake Ujiji, aliwapeleka watu wake kwenye mwambao wa kaskazini wa ziwa hili kutafuta pembe na watumwa. Mwami Mwezi Gisabo na watu wake wakasimama kuwazuia. Kumbukumbu hiyo ilibaki. Kisha Wajerumani wakaja na makarani na askari wanaosema Kiswahili, na baada yao, kuanzia mwaka 1916, wakaja Wabelgiji. Wamisionari wengi wa zama hizo waliiona lugha hii kuwa ni mlango wa Uislamu na hawakuipenda. Mijini Waislamu wakawekwa mtaa wao, mbali na wengine, na mtu anayewekwa mbali husemwa mengi. Kwa hiyo anayekuita Mswahili kwa kejeli leo sokoni mara nyingi hakulitunga neno hilo. Amelikuta kinywani mwa babu yake kama vile sisi tulivyokuta mengine kwa babu zetu. Jambo hili ni muhimu kulijua kabla ya kukunja ngumi, maana mjinga anayerudia neno la mababu si sawa na adui aliyekaa usiku kucha akipanga kukuumiza.

Sasa tutaje kisa kimoja, bila kutaja shule wala mtu. Mwanafunzi wetu mmoja alitumwa na darasa lake kununua madaftari. Chenji ikapungua kidogo katika hesabu ya kwanza, na aliyekuwa anahesabu akasema mbele ya wote kwamba hayo ndiyo mambo ya Waswahili. Darasa likacheka. Kijana wetu akasimama akamjibu kwa kumtaja mama yake, kilima alichotoka, na kabila lake. Hesabu ilipopigwa mara ya pili chenji ilikuwa sawasawa, haikukosekana hata faranga moja. Lakini nani aliijali tena? Habari haikuwa chenji tena, ilikuwa matusi ya yule mtoto wa madrasa. Akasimamishwa masomo wiki mbili. Baba yake akaja kwetu akijisifu kwamba mwanawe ni dume, ametetea Uislamu.

Tunamuuliza baba huyo na wote wanaomuunga mkono: ametetea nini? Alikuwa na haki mkononi, akaiweka chini ili aokote tope. Yule mtu alisema Waswahili si waaminifu, na ushahidi wa kumkanusha ulikuwa mfukoni mwa kijana, unahesabika. Angesema tu, "Mwalimu, ndiyo, mimi ni Mswahili, na chenji ni hii, tuihesabu pamoja mbele ya darasa." Lile darasa lililocheka lingenyamaza. Na huenda kuna mtoto mmoja pale ambaye maisha yake yote, kila akisikia neno lile, angekumbuka chenji iliyotimia. Badala yake wameondoka na hadithi nyingine, na ni hadithi tuliyowapa sisi.

Watu husema, lakini maswahaba walikuwa mashujaa, hawakukubali kudharauliwa. Na wasome basi. Imam Ahmad amepokea kutoka kwa Abu Hurayra (R.A.) kisa cha mtu aliyemtukana Abubakar (R.A.) huku Mtume (S.A.W.) ameketi hapo. Kwa muda wote Abubakar aliponyamaza, Mtume alikuwa akitabasamu. Yule mtu alipozidi, Abubakar akamrudishia baadhi ya maneno yake, na hapo Mtume akakasirika, akainuka akaondoka. Abubakar alipomfuata kuuliza sababu, akaelezwa kwamba alipokuwa kimya palikuwa na malaika akimjibia, na alipojibu mwenyewe shetani akaingia, naye Mtume hakuwa wa kukaa pamoja na shetani. Tazama aliyeambiwa hayo ni nani. Ni Abubakar, rafiki wa pangoni, na alichorudisha ni baadhi tu ya aliyotukanwa. Sisi tunarudisha yote, tunaongeza na riba, kisha tunategemea malaika wabaki!

Na kisa cha Hudaybiya, mwaka wa 6 Hijria, kinatosha kuwa somo la mwezi mzima. Suhayl bin Amr, aliyekuja kwa niaba ya Maquraishi, alikataa mkataba usiandikwe kwamba Muhammad ni Mtume wa Allah. Hebu fikiri, ni dharau gani kubwa kuliko hiyo, mtu anakwambia usoni ufute utume wako kwenye karatasi. Ali (R.A.) aliyekuwa mwandishi hakuweza kulifuta kwa mkono wake. Mtume (S.A.W.) akalifuta mwenyewe, likaandikwa jina lake na la baba yake, na mkataba ukapita. Neno limefutwa, je, utume ulipungua? Suhayl huyo huyo baadaye akasilimu, na Mtume alipofariki na watu wa Makka wakaanza kuyumba, yeye ndiye aliyesimama kuwathibitisha katika dini. Kama angetukanwa siku ile ya Hudaybiya, Allah ndiye ajuaye kama angerudi.

Hii ndiyo maana ya aya ya 34 na 35 za Suratu Fussilat, ambapo tunaamrishwa kuuondoa ubaya kwa lililo jema zaidi, na tunaambiwa mwenye uadui naye anaweza kugeuka kuwa kama rafiki wa karibu, kisha tunatahadharishwa kwamba daraja hiyo hawapewi ila wenye kusubiri. Haikusemwa kuwa ni jambo rahisi. Katika Suratul Furqaan aya ya 63 waja wa Mwingi wa Rehma wanatajwa kuwa wakisemeshwa na wajinga hujibu kwa maneno ya salama. Wanajibu, ndugu msomaji. Aya haikuwasifu kwa kuwa mabubu.

Tukubali pia kwamba hasira ni ya kweli. Mtu akikudharau mbele ya mkeo au mbele ya wateja, damu inachemka, na anayedai haimchemki anadanganya. Ndiyo maana mafundisho yakaja na dawa ya mwili: Abu Daud amepokea amri ya mwenye hasira aliyesimama akae, na isipoondoka alale ubavu. Vijana hucheka wakisikia, eti nilale chini sokoni? Kaa basi kwenye gunia la mchele. Mtu aliyekaa huchelewa kurusha ngumi, na dakika hiyo moja ya kuchelewa ndiyo anayokosa shetani.

Sasa tuseme kwa nini jambo hili kwetu si la adabu tu. Kuna nchi ambazo watu wawili wakitukanana sokoni, jioni wanakutana kwenye kahawa. Pwani yetu hii imeona mengine. Tarehe 29 Aprili 1972 uasi ulianza huku huku kusini, Rumonge na Nyanza-Lac, Watutsi wengi wakauawa, kisha serikali ya Rais Micombero ikageuka kuwaua Wahutu nchi nzima, na idadi inayotajwa sana ni kati ya watu 100,000 na 300,000. Maelfu kwa maelfu wakakimbilia Tanzania, wakaishi Katumba, Mishamo na Ulyankulu kwa miaka zaidi ya 30. Waliporudi kwa wingi, hasa kuanzia mwaka 2008, wengine walikuta michikichi yao inavunwa na watu wengine, na wale watu wengine nao wakiwa na karatasi za serikali na watoto waliozaliwa pale pale. Rumonge ikawa mahali pa kesi za ardhi kuliko sehemu nyingi za nchi. Katika hali hiyo mmoja akimwita mwenziwe mwizi, na mwingine akamjibu rudi kwenu Tanzania, hayo si maneno ya kupita. Nyuma yake kuna makaburi. Na jirani zetu Rwanda, mwaka 1994, redio ya RTLM iliwaita watu mende, siku baada ya siku, mpaka kuua mtu kukawa kama kuua mdudu.

Yule kijana wetu alipotaja kabila la mtu mbele ya darasa zima, alichezea kiberiti juu ya dumu la petroli. Baba yake anasema dume. Sisi tunasema hakufundishwa historia ya mji wake.

Wala msituambie kwamba Waislamu wa nchi hii hawajui njia nyingine. Katika vita vilivyoanza baada ya kuuawa Rais Ndadaye, Oktoba 1993, Waislamu wa Buyenzi walisifika kwa kuwahifadhi majirani zao wa makabila yote mawili. Walioitwa wajanja na waongo ndio waliofungua milango. Hakuna khutba iliyowahi kulijibu tusi lile vizuri kuliko milango ile, na waliofungua hawakuwa wakimjibu mtu.

Tunakuja kwenye jambo ambalo wengi hawatalipenda. Mtu anayetuita wapunjaji anakosea kutuhukumu sote, hilo halina shaka. Lakini anapata wapi ushahidi? Nenda kwenye ndagala zilizoanikwa kwenye mchanga, uone zinavyopimwa pamoja na mchanga wake. Nenda kwenye mawese, uliza dumu lililo safi juu na chini lina nini. Kisha sikiliza ni nani anaapa wallahi, wallahi, mara tatu, kwa ajili ya faida ya faranga mia tano. Si Waislamu peke yao wanaofanya hivi, tunajua, soko ni la wote. Ila anayeapa kwa jina la Allah ndiye anayekumbukwa. Imam Muslim amepokea kwamba Mtume (S.A.W.) alipita sokoni akatia mkono katika rundo la chakula, vidole vikakuta unyevu ndani. Mwenye mali akasema ni mvua. Akaulizwa kwa nini asiuweke ule unyevu juu watu wauone, akaambiwa kwamba mdanganyifu si katika sisi. Ndugu muuza mawese anayepiga kelele msikitini kwamba tumetukanwa, je, mkono wa Mtume ukiingia katika dumu lako utakuta nini?

Na ndimi zetu je? Wako miongoni mwetu wanaomwita kila mtu wa mlimani mshamba, na wanaolitupa neno kafiri usoni mwa jirani aliyekuja kuwapa pole msibani. Wako wanaomcheka aliyesilimu jana kwa sababu Fatiha yake ina lafudhi ya Kirundi. Suratul Hujuraat aya ya 11 imekataza watu kudharau watu wengine na kuitana majina ya kejeli, haikusema isipokuwa sisi tukiwa ndio waitaji. Abu Dharr (R.A.) alipomwaibisha mtu kwa sababu ya mama yake aliambiwa na Mtume kwamba bado ana ujahili ndani yake, na Abu Dharr ni katika waliotangulia kusilimu. Hata masanamu ya washirikina tumekatazwa kuyatukana, Suratul An'aam aya ya 108, wasije nao wakamtukana Allah kwa ujinga. Maana yake mwenye kuanza hubeba sehemu ya dhambi ya majibu.

Upande wa pili nao una makosa yake. Kuna mashekhe wanaomwambia kila aliyeonewa "subiri, subiri", mpaka subira imekuwa shuka la kufunikia dhulma. Mjane amenyang'anywa kipande cha michikichi, anaambiwa asubiri. Binti anadhalilishwa kazini kwa ajili ya hijabu yake, anaambiwa asubiri. Hiyo si subira tunayoisema. Suratun Nisaa aya ya 148 imemtoa aliyedhulumiwa katika katazo la kusema ubaya hadharani, na Suratu Shuuraa aya ya 41 inasema anayejitetea baada ya kudhulumiwa hana lawama. Musa (A.S.) aliamrishwa aseme na Firauni kwa upole, lakini aliamrishwa aende, tena aende mpaka ikulu. Kwa hiyo mjane na aende kwa bashingantahe, na wakishindwa aende mahakamani, na sisi tumsindikize. Binti na aandike barua kwa mkubwa wa kazi, yenye tarehe na majina ya mashahidi, bila tusi hata moja ndani yake, kwa sababu tusi moja ndani ya barua ndilo litakalosomwa.

Na kwa kuwa tumewataja bashingantahe: Mrundi yeyote anajua kwamba mtu hakuwa akivishwa heshima ile kwa sauti yake kubwa. Alitazamwa miaka, anavyokunywa, anavyolipa deni, anavyosema akiwa amekasirika. Basi jirani zetu wanakijua kipimo hiki kama tunavyokijua sisi. Tukijizuia hawatatuona wanyonge kama wanavyodhani wale wa barazani.

Wazazi, darasa la kwanza liko nyumbani. Mtoto anayesikia baba anamtukana dereva wa basi kila safari ya Bujumbura, na mama anamtukana jirani kupitia ukuta, hatuwezi kumgeuza sisi kwa saa mbili za Jumamosi. Msimwambie tu anyamaze. Mpeni jibu la kusema, ajizoeze kulitamka, kwa Kirundi na kwa Kiswahili, kwa sauti ya chini. Ndivyo tunavyofanya sasa madrasani: mmoja anajifanya mteja mwenye kejeli, mwingine muuzaji, na anayekasirika kwanza anakaa chini. Wavulana wakubwa waliuona mchezo wa watoto wiki ya kwanza. Wiki ya tatu walianza kugombania zamu.

Yule kijana aliyesimamishwa amesharudi shule. Tumemwambia aende kwa yule aliyemdharau, si kuomba radhi kwa kuwa Mswahili, bali kwa lile neno la mama na lile la kabila, kisha amwombe kwa adabu aseme mbele ya darasa kwamba chenji ilitimia. Baba yake bado hajakubali. Anasema tunamfundisha mtoto kupiga magoti. Milango ya madrasa iko wazi kila siku baada ya Alasiri. Yeye, na mwingine yeyote anayeona tumekosea, aje na hoja yake tukae tuzungumze, chai ipo.

Wabillaahi tawfiiq.